Domenico: asili ya jina, maana yake, na ulinganisho wake na Juma, Mwajuma na Hamisi

Domenico ni jina la kiume la Kiitaliano lenye asili ya Kilatini. Umbo lake la kike ni Domenica. Maana yake ya msingi ni "wa Bwana". Na kwa kuwa Waitaliano huiita Jumapili siku ya Bwana, jina hilo limebeba pia maana ya pili, yaani "aliyezaliwa Jumapili".

Makala haya yanaeleza jinsi maana hizo mbili zilivyokutana katika jina moja, kisha yanaliweka jina hilo kando ya majina ya siku yanayosikika kila kijiji katika Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji, mkoani Pwani: Juma, Mwajuma, Hamisi, Mwanahamisi, Jumanne. Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa jina Domenico, kwa sababu utaratibu uliolizaa upo katika jamii yake mwenyewe. Hata hivyo, njia hiyo fupi ina mtego. Majina ya siku huonekana kama ushahidi wa siku ya kuzaliwa, na mfasiri, karani au mwanafunzi anayeyachukulia hivyo bila kuuliza zaidi anaweza kumpa mtu maana isiyo yake au tarehe isiyo yake.

Asili ya neno

Mzizi wa mbali wa jina hili ni nomino ya Kilatini domus, yaani nyumba. Kutokana nayo Kilatini kilikuwa na dominus, mwenye nyumba, na kwa kupanuka kwa maana, bwana au mtawala. Wakristo wa mwanzo waliotumia Kilatini walilichukua neno hilo kumtajia Mungu, kama Kiswahili kilivyolichukua neno Bwana. Kivumishi chake ni dominicus katika jinsia ya kiume na dominica katika jinsia ya kike, maana yake "a Bwana" kwa umilikishi.

Siku ya kwanza ya wiki iliitwa dies dominica, siku ya Bwana. Baadaye neno la kwanza lilidondoka na kivumishi kikabaki peke yake kama jina la siku: domenica kwa Kiitaliano, domingo kwa Kihispania na Kireno. Kigiriki kilipita njia hiyo hiyo kwa mzizi wake: Kyriaki ni Jumapili, na Kyriakos ni jina la mwanamume. Kwa hiyo Domenico linasimama mahali ambapo njia mbili zinakutana. Mzazi mmoja aliweza kulichagua kwa kumweka mtoto wake chini ya Bwana. Mwingine alilichagua kwa sababu mtoto alizaliwa Jumapili. Umbo ni moja, na kwa kulitazama jina peke yake haiwezekani kujua ni sababu ipi iliyotangulia.

Sababu ya tatu ndiyo iliyolieneza zaidi. Padri Mhispania aliyezaliwa Caleruega karibu mwaka 1170 na kufariki Bologna tarehe 6 Agosti 1221 ndiye mwanzilishi wa shirika la Wahubiri, linalojulikana kama Wadominiko. Kwa kuwa alizikwa Italia na kuheshimiwa huko kama mtakatifu, wazazi wengi walimpa mtoto jina hilo kwa heshima yake. Hapo jina lilikwisha kuachana na siku. Mtunzi wa muziki Domenico Scarlatti alizaliwa Napoli tarehe 26 Oktoba 1685, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Angezaliwa Kibiti na kuitwa kwa siku yake, angekuwa Juma.

Tahajia na matamshi

Katika Kiitaliano herufi c mbele ya o husomwa k, hivyo jina hutamkwa "Domeniko". Mkazo wake huangukia silabi ya tatu kutoka mwisho, yaani -me-. Msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huelekea kuuhamishia kwenye -ni-. Hilo si kosa mtu anapozungumza Kiswahili, lakini mwanafunzi wa Kiitaliano hana budi kulijua.

Umbo lililozoeleka kwa Wakristo wa Afrika Mashariki ni Dominiko, lililotokana na Kilatini moja kwa moja. Hutumika kumtaja mtakatifu na kama jina la ubatizo. Domenico ni la mtu wa Italia au mwenye asili ya huko, na huandikwa kama mwenyewe anavyoliandika. Maumbo haya mawili hayabadilishani nafasi: aliyebatizwa Dominiko hageuki kuwa Domenico kwa sababu tu hati yake inapelekwa Roma, wala Domenico Scarlatti hageuzwi Dominiko katika kitabu cha Kiswahili.

Majina ya siku Kibiti na delta

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo wa 2010, inashika sehemu kubwa ya delta, zikiwamo kata za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, ambako watu huishi kwa uvuvi wa samaki na kamba, kilimo cha mpunga na kazi za mikoko. Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi na majirani zao wa eneo hili kwa wingi ni Waislamu, na majina yao yana mchanganyiko unaofahamika pwani nzima: ya Mitume na masahaba, ya hali ya wakati wa kuzaliwa kama Shida, Tabu na Mashaka, na ya wakati wenyewe.

Majina ya wakati ndiyo yanayolingana na Domenico. Ya siku ni Juma na Mwajuma, Hamisi na Mwanahamisi, na Jumanne. Ya mwezi ni Rajabu, Shabani na Ramadhani. Ya sikukuu ni Idi, Mwanaidi, Maulidi na Ashura. Chausiku ni mtoto wa kike aliyezaliwa usiku. Italia nayo ina safu kama hiyo: Sabatino ni wa Jumamosi, Pasquale wa Pasaka, Natale wa Krismasi. Hata hesabu ya uzazi imo pande zote mbili. Huku kuna Pili na Tatu. Kule kuna Primo, Secondo na Ottavio. Mwandishi Primo Levi, aliyezaliwa Torino mwaka 1919, alikuwa kweli mtoto wa kwanza.

Tofauti ya kisarufi inafaa kuangaliwa. Kiitaliano hutenganisha wa kiume na wa kike kwa irabu ya mwisho: Domenico, Domenica. Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo katika nomino, hivyo jina la kike hujengwa kwa kuweka mwana mbele ya jina la wakati. Mwana hapa halina maana ya mtoto. Ni neno la zamani la heshima kwa mwanamke, lile lile tunaloliona katika jina la Mwana Kupona, mshairi wa karne ya 19. Mwana Juma lilifupika likawa Mwajuma. Mwanaidi na Mwanahamisi hayakufupika. Kumweleza Mwajuma kuwa ni "mtoto wa Juma" ni kosa linalojirudia katika orodha nyingi za maana za majina.

Nini kilichomo ndani ya Juma

Juma limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko, ndiyo maana siku ya sala ya pamoja ikaitwa Ijumaa. Mzizi huo umeipa Kiswahili pia jamaa, jamii, jumuiya na jumuika. (Jumla na jamhuri hayamo katika ukoo huu, ingawa yanafanana nao kwa sauti, mizizi yake ya Kiarabu ni mingine.) Hivyo Juma kwa asili ni jina la watu kukutana, na Domenico ni jina la kuwa chini ya Bwana. Majina yote mawili yametokana na siku ya ibada, lakini kila moja limeipa siku hiyo sura yake.

Kiswahili kimeongeza jambo jingine. Siku moja, ile ya mkusanyiko, imekuwa jina la kipindi kizima cha siku saba: juma. Siku zinazofuata huhesabiwa kutoka hapo: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Alhamisi ikabaki na jina lake la Kiarabu, ambalo nalo maana yake ni "ya tano", kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Matokeo yake juma la Waswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana. Mtu aitwaye Hamisi, kwa maana ya neno, ni "wa tano"; kwa maana ya matumizi, ni wa Alhamisi. Kamusi nzuri hutaja zote mbili, na mfasiri huchagua ile inayohitajika mahali pake.

Vivyo hivyo, Domenica na Jumapili ni siku moja katika kalenda, lakini si neno moja katika maana. Msemaji wa Kiitaliano anapotaja siku hiyo anamtaja Bwana, hata kama hafikirii dini. Msemaji wa Kiswahili anataja namba mbili.

Upatanisho wa kisarufi

Kwa kuwa neno moja limekuwa mtu, kipindi na sehemu ya jina la siku, upatanisho ndio unaotenganisha maana:

Juma amefika. (Mtu, ngeli ya A-WA.)
Juma limekwisha. (Siku saba; ngeli ya LI-YA.)
Ijumaa imefika. (Siku, ngeli ya I-ZI.)

Katika maandishi, herufi kubwa husaidia kutambua jina la mtu, lakini mwanzoni mwa sentensi msaada huo hupotea. Kiambishi cha kitenzi ndicho kinachobaki.

Siku huanza lini

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa hesabu ya jadi ya pwani, inayofuata kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa hesabu ya saa sita usiku bado ni Alhamisi. Kanisa Katoliki nalo huanza kuadhimisha Jumapili tangu jioni ya Jumamosi, kwa hiyo mpaka huu wa machweo si mgeni hata kwa upande wa Domenico.

Tuseme mtoto alizaliwa Mbuchi saa mbili usiku, Alhamisi tarehe 4 Januari 2024. Kadi ya kliniki itaandikwa Alhamisi, 4 Januari. Babu yake atasema mtoto ni wa Ijumaa, na ataitwa Juma. Hakuna aliyekosea. Lakini atakayesoma jina hilo baada ya miaka mingi na kwenda kuitafuta Ijumaa katika kalenda ataikosa tarehe sahihi kwa siku moja, na akiiona kadi huenda akadhani imeghushiwa.

Majina ya miezi yanahitaji hesabu ya aina nyingine. Mwaka wa mwandamo wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Natale wa Italia, kama aliitwa kwa sikukuu, alizaliwa karibu na tarehe 25 Desemba mwaka wowote ule. Ramadhani wa Ikwiriri angeweza kuzaliwa wakati wa masika au wa kiangazi, ikitegemea mwaka.

Hesabu hiyo inaweza kufaa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Kwa wazee waliozaliwa kabla ya vyeti kuenea, matukio ya namna hiyo hutumika kukadiria umri. Tuseme mzee aitwaye Ramadhani ana tarehe ya kukadiriwa ya 1 Julai 1968 katika kitambulisho chake. Mwaka huo mfungo wa Ramadhani uliangukia takriban kati ya tarehe 22 Novemba na 20 Desemba. Kama mwaka ni sahihi na kama aliitwa kwa mwezi aliozaliwa, tarehe ya Julai haiwezi kuwa kweli. Neno la kuzingatia ni hilo la pili: kama aliitwa kwa mwezi.

Jina la siku na jina la somo

Mtoto wa pwani huweza kupewa jina la babu au bibi, akawa somo wake. Katika familia nyingi mkwe halitamki jina la baba mkwe, hivyo mama humwita mwanawe "baba" au "babu" badala ya Juma, na jina lenyewe husikika zaidi shuleni kuliko nyumbani. Juma wa namna hii anaweza kuwa alizaliwa siku yoyote. Ijumaa iliyomo katika jina lake ni ya babu, au ya babu wa babu.

Italia ya kusini ina desturi inayofanana: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la baba wa baba yake. Ndiyo maana jina Domenico limepita vizazi vingi huko bila kuulizwa kalenda. Kwa kulinganisha, Waakan wa Ghana hushikamana zaidi na siku yenyewe. Kofi ni wa Ijumaa, na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Ijumaa kweli, tarehe 8 Aprili 1938. Mwakan huweza kurithi jina la babu na bado akawa na jina la siku yake pembeni. Mswahili na Mwitaliano kwa kawaida huwa na nafasi moja ya jina, na somo akishaishika, siku hukosa mahali.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye jina la siku si "ulizaliwa lini?" bali "jina lako limetoka wapi?" Jibu likiwa "nilizaliwa siku hiyo", jina ni dokezo la tarehe, kwa tahadhari ya machweo iliyokwisha kuelezwa. Jibu likiwa "ni la babu", jina ni ushahidi wa ukoo, na kuhusu tarehe halisemi kitu.

Mwongozo kwa wafasiri na waandishi wa hati

Jina la mtu halitafsiriwi. Mwajuma haandikwi Domenica katika hati ya Kiitaliano kwa hoja kwamba yote mawili ni majina ya siku ya ibada. Siku zenyewe ni tofauti, na mtu mwenyewe ni mmoja. Katika kazi ya fasihi, pale mwandishi anapoichezea maana ya Domenico, mfasiri aliache jina na kuipenyeza maana katika sentensi, kwa mfano: "Domenico, aliyeitwa hivyo kwa kuzaliwa Jumapili". Tanbihi ni njia ya mwisho.

Tahajia ifuate hati ya mwenye jina, si mazoea ya mwandishi. Hamisi, Hamis na Khamis. Ramadhani na Ramadhan. Idi na Iddi. Shabani na Shaaban. Mwajuma na Mwanajuma: yote ni maumbo halali, na kwa msomaji wa kawaida ni jina moja. Kwa ofisi ni watu wawili. Mwalimu "anayesahihisha" Iddi kuwa Idi katika orodha ya darasa anaweza kuwa anaanzisha tofauti kati ya cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA na kitambulisho kinachotolewa na NIDA. Tofauti hiyo hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati wa kudai pensheni au mirathi, na mwenye jina hulazimika kula kiapo kwamba Idi na Iddi ni yeye yule.

Mfasiri wa hati anapokuta maumbo mawili ya jina katika karatasi za mtu mmoja, ayaandike yote mawili kama yalivyo, kila moja mahali pake, na kueleza katika maelezo ya mfasiri kwamba ni tahajia mbili za jina moja. Kuyasawazisha ni kuondoa jambo ambalo msomaji wa hati anahitaji kuliona.

Kwa ufupi: Domenico, "wa Bwana", huweza kuwa mtoto wa Jumapili, mwenye jina la mtakatifu, au mjukuu wa Domenico mwingine. Juma, mwenye "mkusanyiko" ndani ya jina lake, huweza kuwa mtoto wa Ijumaa, mtoto wa usiku wa Alhamisi, au mjukuu wa Juma mwingine. Kamusi inaweza kueleza asili ya neno. Sababu ya jina kumfikia mtu fulani wanaijua waliompa, nao wakiwa hai, hao ndio wa kuulizwa kwanza.